Pacha Aliyekuwa Safarini

Baba yangu alikuwa mtu wa picha za ngumi. Picha za mapenzi aliziita za kulialia, za Kihindi alimwachia mama, na taarifa ya habari alisema haina jipya. Lakini ikiwekwa picha ya watu wanaoruka juu ya mapaa na kupigana kwa vidole viwili, basi chai ingempoa mbele yake. Tulipokuwa wadogo, mie na mdogo wangu, yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wetu. Alifanya kazi bandarini, na Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, cha kupandisha na kuteremsha mizigo. Kichina hakujua hata salamu. Lakini alikaa mbele ya televisheni akatusimulia picha nzima bila kukwama, nani kamtukana nani, nani kaapa kulipa kisasi. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na mtu kama huyo, na akiwa hayupo, picha haiwekwi.

Sukari ilimla macho kwanza. Ikafika pahala akawa anaona mwanga na kivuli, basi. Mama alikuwa keshatangulia mbele ya haki, mdogo wangu kaolewa Bububu, na mie ndoa yangu ilikuwa imeshakwisha nimerudi nyumbani Mwanakwerekwe. Kwa hivyo baba akawa wangu. Kazi yangu ni kutandika vitanda katika hoteli moja Kiwengwa. Vyumba kumi na sita kwa siku, na vyoo vyake, na mchanga wa wageni ambao hauishi. Gari ya wafanyakazi inatuchukua kabla jua halijatoka na kuturudisha alasiri. Sisemi haya ili nionewe huruma, nasema ili ijulikane nilikuwa katika hali gani nilipofanya niliyoyafanya.

Siku moja namuosha miguu nikaona kidonda katikati ya vidole viwili vya mguu wa kulia. Kajikata na nini, hajui, maana miguu yake ilikuwa imeshakufa ganzi. Baada ya wiki vile vidole vikawa vyeusi. Nikampeleka spitali. Daktari, kijana mpole sana, akanitoa nje ya mlango akaniambia, "Dada, ni vidole viwili. Tukiwahi, ni hivyo viwili tu. Tukichelewa, sijui tutakata mpaka wapi."

Baba alisikia. Macho yalikuwa yamekwenda lakini masikio yalikuwepo.

"Sikatwi," akasema.

"Baba, ni vidole tu."

"Sikatwi mie. Nirudishe nyumbani."

Mtu mzima mwenye akili zake hakatwi kwa nguvu. Daktari akanyoosha mikono juu, kashindwa, tukarudi. Mdogo wangu akaja kutoka Bububu akalia. Mumewe, shemeji yangu, akaja akambembeleza kiume. Mie nikabembeleza, nikanuna, nikamnyima maneno siku nzima. Neno lake lilikuwa lile lile. Nikajiambia, anaogopa. Mtu aliyebeba magunia ya karafuu mgongoni hataki kuonwa na magongo. Sikumuuliza. Uchovu ulishanifikisha pahala pa kutomuuliza mtu kitu: nakisia, nikishakisia nafanya ndiyo kweli yenyewe.

Baba akawa analala tu, akisikiliza mlango. Nikaona afadhali nimtafutie cha kumchangamsha. Nikapita Darajani nikamkuta muuza picha mmoja ana sanduku la sidii zilizokwaruzika. Siku hizi watu wanajaziwa picha kwenye flashi, lakini televisheni yetu ya zamani haina tundu la flashi, ina deki tu.

"Nipe ya ngumi," nikamwambia.

"Hii hapa, mama. Ina ngumi, ina majini, watu wanaruka mpaka mawinguni. Kali hiyo!"

"Ina maneno ya Kiingereza chini?"

"Ina kila kitu."

Alasiri ile nikamkalisha baba mkekani, mguu juu ya mto, nikaweka deki. Kiingereza changu ni cha hotelini, cha taulo na funguo zilizopotea, lakini kinatosha kusoma maandishi ya chini. Nikaanza kumsimulia. Ilikuwa hivi: juu ya mlima kuna mzee, fundi wa kupigana, ana wanafunzi watatu. Chini ya mlima kuna makaburi ya askari wa zamani, na ndani yake katoka jini la kike, nywele nyeupe mpaka miguuni, kucha kama shoka. Mzee anaruka, jini linaruka, wanapigana juu ya miti. Baba akacheka. Wallahi sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka ule uanze.

"Anapiga kwa nini? Kwa mkono au kwa mguu?"

"Kwa kiganja, baba. Kinatoka moto."

"Ehee! Hao ndio wenyewe!"

Halafu jini likamparura mzee mguuni. Mguu ukaanza kuwa mweusi. Weusi ukapanda polepole, vidole, kisigino, muundi. Mwanafunzi mkubwa kapiga magoti, kashika upanga, analia, na maandishi ya chini yakasema: mwalimu, niruhusu niukate, sumu isifike moyoni.

Nikanyamaza. Nikamtazama baba, nikatazama mguu wake juu ya mto.

"Mbona umenyamaza? Anasemaje?"

"Anasema... anataka kuukata."

"Na mzee anasemaje?"

Mzee alikuwa anasema hapana. Nilikuwa nnayasoma, yale pale, kwa herufi za manjano: nitakufa na mwili wangu kamili. Na upanga ukaanguka sakafuni, ukalia. Ule mlio ndio ulionipa akili.

"Huo! Umesikia, baba? Keshaukata mwenyewe. Kasema bismillahi, kaukata."

"Mchina kasema bismillahi?"

"Kasema kwa kwao."

Kutoka hapo sikuweza kurudi nyuma. Kwenye televisheni mzee yuko kitandani, sumu inampanda, na mie nasema kapona, anajifunza kuruka kwa mguu mmoja. Wanafunzi wanalia, mie nasema hayo machozi ya furaha. Kisha, Mtume! mzee akafa, akafufuka akiwa jini mwenyewe, uso kijani, akaanza kuwavamia wanafunzi wake. Sauti ile ile, joho lile lile.

"Huyo si yule mzee?" baba akauliza. "Sauti yake hiyo."

"Siye. Huyu pacha wake."

"Pacha? Tangu lini ana pacha?"

"Alikuwa safarini."

"Safari ya wapi?"

"Baba, wameandika safarini tu. Sasa mie ntajuaje?"

Yule mwanafunzi mkubwa akamchoma mzee upanga wa kifua huku analia kwa kwikwi. Nikasema pacha kauawa, na mzee mwenye mguu mmoja yuko juu ya mlima anatazama, mzima kama chuma. Nikazima deki upesi kabla hakujaonyeshwa kaburi.

Nilidhani itakuwa mara moja. Kesho yake nimerudi, sijavua hata baibui, ananiambia, "Niwekee ile."

Akaitaka siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kila siku tukifika kwenye mguu anainamisha kichwa, anasikiliza upanga ukianguka. Akauliza, alipokatwa aliumwa? Nikasema kidogo. Akauliza, alivaa kiatu gani baadaye? Nikamtengenezea kiatu. Nikamtengenezea yule mzee fimbo ya shaba, nikamtengenezea mke anayemkanda kisigino kilichobaki. Nilikuwa nikitandika vitanda Kiwengwa huku natunga, nikipanda gari natunga. Nikajiona mjanja. Nikajiambia, anakaribia, kesho atasema twende. Na kila jioni nikifungua kile kitambaa cha kidonda nalipata jibu lake puani, lakini nasema kesho, kesho. Siku tisa zilipita hivyo. Ningekuwa na nguvu ningepiga ukelele siku ya pili. Kusimulia uongo mtu amekaa mkekani kulikuwa rahisi kuliko kugombana na mzee, na mie nilikuwa sina ugomvi uliobaki mwilini.

Siku ya kumi hotelini kuliingia kundi la wageni, tukaambiwa tusitoke mpaka vyumba vyote viwe tayari. Nikampigia simu mdogo wangu aje akae na baba. Sikumwambia lolote kuhusu picha. Ningemwambiaje? Yeye alisoma, ni mwalimu wa skuli, Kiingereza anakijua barabara.

Nilipofika nyumbani deki imezimwa na mdogo wangu yuko uani anakosha vyombo. Nikaingia ndani.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Baba yangu hakuwahi kuiacha shikamoo yangu hewani hata siku moja.

"Baba, shikamoo."

"Kumbe hana pacha," akasema.

Nikaweka mkoba chini.

"Kumbe mzee hakukatwa. Alikataa, akafa, akawa jini. Mwenzako kanisomea neno kwa neno. Siku tisa, mwanangu, unanidanganya ndani ya nyumba yangu. Kwa sababu sioni!"

Nilitakiwa nimshike miguu niombe radhi. Badala yake nilipasuka. Nilimfokea baba yangu, mdogo wangu akaja mbio mikono ina povu, nami sikunyamaza. Nikamwambia, "Ndiyo, nimekudanganya! Ungetaka nifanye nini? Nimekuomba hutaki. Nimelia hutaki. Nshachoka, baba! Nakosha vyoo kumi na sita vya watu kwa siku, nikirudi nakosha kidonda kinachooza, na wewe umekaa hapo unasubiri ufe mbele yangu kwa sababu unaona haya ya magongo! Ogopa basi, lakini usinifanye mie nikutazame!"

Mdogo wangu kashika mdomo. Mie mwenyewe nikaishiwa na pumzi, nikakaa chini palepale mlangoni.

Kisha baba akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani kakwambia naogopa magongo?"

Akaupapasa mguu wake.

"Mguu wenyewe utazikwa wapi?"

Nikainua kichwa.

"Wakikata, hawautupi. Wanawapa nyinyi mkauzike. Mtauzika wapi? Hapa mjini, mbio mbio, kwa sababu ni karibu. Na mie nataka kuzikwa kwetu. Nilimwahidi mama yako nitalala ubavuni mwake. Sasa mwili uwe kaskazini, mguu uwe Mwanakwerekwe?"

"Baba," mdogo wangu akasema, "Mungu hashindwi kukusanya."

"Najua hashindwi. Nani kasema anashindwa? Mie ndiye ninayetaka. Ningesema mngenicheka."

Asingechekwa. Lakini ni kweli hakuna aliyemuuliza. Kwetu ni kijiji mbele ya Mkokotoni, nyumba imeanguka, ndugu wote wamehama au wamekufa, yamebaki minazi na makaburi ya ukoo nyuma ya kiambaza. Mama yuko hapo. Nikamwambia, "Tutaupeleka huko, baba. Ntaupeleka mwenyewe."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Basi twende kesho," akasema, na ndipo akaitikia. "Marahaba."

Kesho yake daktari akafungua kitambaa, akatazama, akakifunika tena. Akasema si vidole tena, ni chini kidogo ya goti. Hakutulaumu. Mie nilihesabu mwenyewe: siku tisa ni kutoka vidoleni mpaka kwenye goti.

Walimkata asubuhi ya siku iliyofuata. Nilikuwa sijalala siku mbili. Baada ya adhuhuri muuguzi akaniita jina la baba, akanipa karatasi nitie sahihi, na mzigo uliofungwa vizuri katika shuka jeupe. Nilijua utakuwa mzito lakini si vile. Ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi minne, mitano. Nikaupakata. Sikujua kuushika namna nyingine.

Shemeji alikuwa nje na gari. Yeye ni dereva wa watalii, na alasiri ile alikuwa na wageni wa kuwachukua uwanja wa ndege. Mvua ilikuwa inamwagika, barabara ya kaskazini imechimbwa inatengenezwa, na kwenda na kurudi isingepungua saa tatu. Akautazama mzigo, akautazama mkono wake wenye saa.

"Dada, nisikilize," akasema. "Makaburi ya Mwanakwerekwe hapo, dakika kumi. Vijana wa kuchimba wapo, nawajua. Makaburi ni makaburi. Mzee atajua vipi?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kukodi gari nyingine. Ningeweza hata kumwomba yule muuguzi auweke mpaka kesho, nilikuja kujua baadaye kwamba wanakubali. Kichwa kilikuwa kinaniuma, baibui limelowa, na nilichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu, pahala pa kuegemea.

Nikasema, "Haya."

Sikuteremka garini. Wanawake hatwendi kuzika, na safari hiyo niliishukuru desturi. Shemeji na vijana wawili wakaenda na mzigo, wakarudi wamejaa matope, haikuchukua hata muda wa kuchemsha maji. Nikarudi spitali nikaegemea ukuta wa ukumbini, nikalala nimekaa.

Baba alipoamka sawasawa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umefika?"

"Umefika, baba."

"Karibu na mama yako?"

"Ubavuni mwake."

Akalia. Akasema alhamdulillahi mara tatu, akalala usingizi ambao hakuulala kwa mwezi mzima. Mdogo wangu akanikumbatia. Shemeji akatoka nje kwenda kununua maji.

Sasa ni mwaka wa pili. Baba yu hai, kanenepa kidogo, magongo kayazoea, anatembea kibarazani na kugombana na watu wa mtaa kuhusu mpira. Ile picha hakuitaka tena, na mie sijamwekea nyingine. Kila asubuhi gari ya wafanyakazi inapita kwenye makaburi ya Mwanakwerekwe, na kila asubuhi mie ninajitia kusinzia. Alikuwa akiniomba nimpeleke kwetu akazuru. Nikasema mvua, nikasema Ramadhani, nikasema kazi zimezidi. Mwaka huu, siku ya tatu ya Sikukuu, akampigia shemeji mwenyewe, nami nikakuta gari liko mlangoni na baba kavaa kanzu yake nyeupe na kofia.

Njia nzima shemeji hakusema neno. Tulipofika akabaki garini, akajitia anatazama simu. Nikamshika baba mkono, tukapita penye msingi wa nyumba ya zamani, gongo moja baada ya jingine kwenye mchanga, mpaka nyuma, kwenye makaburi. Hakukuwa na mtu. Akawatolea salamu waliolala pale. Akamsomea mama. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Kulikuwa na majani mafupi na mchanga mkavu, ardhi ambayo haikuguswa na jembe tangu tulipomzika mama. Ningeweza kumwambia pale. Hakuna aliyekuwepo, na yeye alikuwa mtulivu, na mie nilikuwa nimelala vizuri usiku ule. Sina cha kusingizia. Nikamsaidia kukaa chini, nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye ule mchanga mtupu.

"Hapa, baba."

Akapapasa. Akaondoa kijiti, akaondoa kijiwe, akapasawazisha kwa kiganja taratibu kama mtu anayetandika kitanda.

"Mmefukia kina kirefu? Mbwa wasije kufukua."

"Kirefu, baba."

"Ahsante, mwanangu." Akainua mikono yake miwili, ina mchanga. "Mungu akupe mtoto atakayekutendea kama ulivyonitendea mimi."

Dua ya mzazi haiachwi bila kuitikiwa, na alikuwa ameshasimamisha sikio ananingoja. Nikasema amin.